SIMBA NA YANGA: JINSI MTU APATAVYO TIMU YAKE

Katika mji wa Dar es Salaam, na katika nchi yote ya Tanzania tangu pwani hata maziwa makuu, liko swali moja ambalo mgeni huulizwa kabla hajamaliza kunywa maji aliyokaribishwa nayo: "Wewe ni Simba au Yanga?" Mgeni akijibu ya kwamba yeye si wa huku wala si wa huko, wenyeji hucheka wala hawamsadiki. Hudhani ya kuwa anaficha. Maana wengi katika nchi ile huona ni vigumu mtu kukosa timu, kama ilivyo vigumu mtu kukosa kwao.

Walakini mwenyeji naye akiulizwa, "Kwa nini wewe ni Yanga, usiwe Simba?" aghalabu hunyamaza kidogo. Kisha hujibu, "Ndiyo timu yangu tangu utoto." Jibu hilo ni la kweli, lakini halielezi jambo. Timu zote mbili hucheza mpira ule ule, kwa sheria zile zile, katika mji mmoja, na wachezaji huihama hii wakaenda kucheza katika ile. Basi ni nini kimfanyacho mtu aipende moja maisha yake yote na kuikataa ya pili? Jambo hili lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna mafunzo yapitayo mpira wenyewe.

Asili ya timu mbili

Kariakoo ni sehemu ya mji wa Dar es Salaam iliyopata jina lake wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Waingereza walipoutwaa mji katika mwaka wa 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Waswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Vita ilipokwisha, mahali pale pakawa na soko na nyumba nyingi za Waafrika. Wakakaa pamoja Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa nchi ile, na Wamanyema, na Wanyamwezi, na Wayao, na watu wengine wengi waliokuja mjini kutafuta kazi.

Katika mwaka wa 1935 vijana wa upande ule waliunda chama cha mpira wakakiita Young Africans, maana yake Waafrika Vijana. Jina hilo likafupishwa vinywani mwa watu likawa Yanga. Mwaka uliofuata, yaani 1936, kikatokea chama cha pili. Wazee husimulia ya kuwa walioanzisha chama hicho ni baadhi ya wale wale wa kwanza, waliokosana na wenzao wakajitenga. Chama chao kiliitwa kwanza Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland. Sunderland ni mji wa kaskazini ya Uingereza, na timu ya mji huo ilikuwa bingwa wa nchi yake katika mwaka huo huo wa 1936. Jina hilo lilidumu hata mwaka wa 1971, ndipo likaachwa, na timu ikaitwa Simba.

Yanga huvaa kijani na njano, na nyumba ya chama chao iko Jangwani. Simba huvaa nyekundu na nyeupe, na nyumba yao iko katika mtaa wa Msimbazi. Kutoka nyumba moja hata ya pili ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Basi hizi si timu za miji miwili iliyo mbali, bali ni kama ndugu wawili waliozaliwa katika ua mmoja. Na ugomvi wa ndugu wajulikana. Waswahili husema, "Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune."

Si kabila, wala si dini

Katika nchi nyingine si vigumu kujua kwa nini mtu ameshika timu fulani. Katika Kenya ziko timu mbili zenye sifa kubwa, nazo zilianza kwa makabila. Moja iliundwa katika mwaka wa 1964, ikaitwa Abaluhya. Siku hizi huitwa AFC Leopards, na wapenzi wake wengi tangu mwanzo walikuwa Waluhya. Ya pili ni Gor Mahia, iliyoundwa katika mwaka wa 1968, ikapewa jina la mtu mashuhuri katika hadithi za Wajaluo. Huko Scotland, katika mji wa Glasgow, wapenzi wa Celtic tangu zamani walikuwa hasa Wakatoliki waliotoka Ireland, na wapenzi wa Rangers walikuwa hasa Waprotestanti. Mtoto wa mji ule alipozaliwa, kanisa la wazazi wake lilikuwa karibu kumchagulia timu.

Simba na Yanga sivyo. Katika kila timu wamo Wakristo na Waislamu, Wachaga na Wamakonde, matajiri na maskini, wasomi na wasiojua kusoma. Wamo watu wa Kigoma na wa Songea ambao hawajapata kuiona Kariakoo kwa macho yao. Hata katika nyumba moja, baba yaweza kuwa ni Simba na mama akawa Yanga, nao wakala chakula sinia moja. Kwa hiyo sababu yapasa kutafutwa mahali pengine.

Njia tano

Njia ya kwanza ni nyumba. Mtoto wa miaka minne hajui mpira ni nini. Lakini humwona baba yake ameitega redio sikio, amenyamaza kimya; mara baba aruka, apiga makofi, ambeba mtoto juu na kucheka. Mtoto haifurahii timu, humfurahia baba. Siku ya pili baba ameketi kwa huzuni, naye mtoto huona huzuni. Akifika umri wa kuuliza ni nani aliyeleta furaha ile na huzuni ile, huambiwa jina, na jina hilo huwa lake. Ndiyo maana ya methali, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Pengine si baba afanyaye kazi hii, bali ni mjomba ajaye na fulana nyekundu katika nyumba ya watu wa kijani, akampa mtoto kwa siri. Mjomba akipendwa sana, fulana yake hushinda.

Njia ya pili ni mtaa na marafiki. Kijana ahamiaye mtaa mpya hukuta wenzake wamekwisha gawanyika. Wale wamkaribishao kwanza kucheza nao, ndio timu yao huwa timu yake. Haogopi kushindwa uwanjani kuliko aogopavyo kuachwa peke yake.

Njia ya tatu ni ushindi wa siku zile ambapo macho ya mtoto yalifumbuka. Mwaka wa 1968 Yanga waliwafunga Sunderland mabao 5 bila kufungwa. Mwaka wa 1977 Simba wakalipa kwa mabao 6 bila kufungwa. Mwaka wa 2012 Simba waliwafunga Yanga 5 bila, na mwaka wa 2023 Yanga wakawafunga Simba 5 kwa 1. Mtoto aliyekuwa anaanza kuelewa mpira katika siku moja ya siku hizo hakuona timu mbili zilizo sawa. Aliona mitaa yote ikiimba, magari yakipiga honi, na watu wazima wakicheza ngoma njiani. Akataka naye kuwa miongoni mwa waimbao.

Njia ya nne ni mchezaji mmoja. Mtoto humpenda mtu kabla hajapenda chama. Huiga mwendo wa mchezaji huyo, huandika nambari yake kwa mkaa mgongoni mwa fulana kuukuu, na huipenda timu kwa ajili yake. Mchezaji akiondoka, mtoto aliyekwisha zoea hubaki.

Njia ya tano ni ubishi. Wako ndugu wadogo waliochagua Simba kwa sababu moja tu, kwamba kaka yao ni Yanga. Jambo hili lachekesha, lakini si jambo la ajabu. Katika nyumba yenye watoto wengi kila mmoja hutaka kuwa na kitu kiwezacho kuitwa chake. Na tena, mabishano hayana utamu mtu akikosa wa kubishana naye.

Redio nayo ilizidisha njia hizi zote. Zamani timu ya mji ilijulikana mjini tu. Mara mtangazaji aliposikiwa katika kila mkoa, mvuvi wa ziwa Victoria na mkulima wa Mbeya waliweza kufuata mchezo wa Dar es Salaam kana kwamba wapo. Basi watu waliokuwa na timu zao za karibu wakaongeza timu ya pili iliyo mbali. Hivyo mtu wa Tanga huweza kuwa mpenzi wa Coastal Union ya kwao, na pamoja na hayo ukimchimba utakuta chini yake pana Simba au Yanga.

Kwa nini mtu hahami

Mtu aweza kuhama nyumba, au mji, au hata kazi ya baba zake. Lakini timu hahami. Kama kupenda timu kungekuwa ni kutafuta ushindi tu, watu wangehama kila mwaka, maana mwaka huu hushinda hawa na mwaka ujao wale. Hawahami, na sababu yake ni kwamba wamekwisha huzunika pamoja.

Katika mwaka wa 1993 Simba walifika mchezo wa mwisho wa kombe moja la Afrika. Walikwenda Abidjan wakatoka sare bila bao, watu wakajua kombe limekwisha patikana. Lakini waliporudi kucheza nyumbani, Stella ya Abidjan ikawafunga mabao 2, ikachukua kombe mbele ya macho yao. Mwaka wa 2023 Yanga nao walifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Shirikisho la Afrika. Walifungwa 2 kwa 1 nyumbani na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda 1 bila. Jumla mabao yakawa sawa, lakini kwa sheria ya mabao ya ugenini kombe likabaki Algeria. Mwaka wa 2025 Simba wakafika mahali pale pale, wakashindwa na RS Berkane ya Morocco. Waliolia pamoja katika siku kama hizo hawaachani kwa urahisi. Furaha huwakusanya watu, lakini huzuni huwafunga pamoja.

Tena liko tumaini. Mwezi wa Oktoba 2013 Yanga walikuwa wamekwisha kuwafunga Simba mabao 3 walipokwenda mapumziko. Baadhi ya watu wa Simba wakainuka waende zao. Waliobaki waliona timu yao ikirudisha mabao yote matatu, mchezo ukaisha 3 kwa 3. Mpenzi wa timu huishi kwa siku za namna hiyo.

Utani

Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikutumiwa bure. Utani ni desturi ya kale katika nchi hizi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Vita vilipokwisha, watoto wao wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kumcheka mwenzake, na kumwambia maneno ambayo mtu mwingine angelipigwa kwayo. Lakini pia ana wajibu: msiba ukitokea, mtani huja kusaidia kazi, na katikati ya kilio huwachekesha wafiwa ili mioyo yao isivunjike.

Watu wa pwani nao walikuwa na mashindano ya namna yao. Katika mji wa Lamu mtaa wa Mkomani ulishindana na mtaa wa Langoni kwa ngoma na mashairi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaenea ngoma iitwayo beni, yenye kufuata tarumbeta na mavazi ya askari, na vyama vyake viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mapambo na karamu katika miji mingi ya pwani na hata bara. Basi mpira ulipokuja, ulikuta njia imekwisha fyekwa. Watu walikuwa wamezoea kujigawa pande mbili ili wapate kushindana, na kushindana ili wapate kufurahi.

Kwa hiyo Simba huihitaji Yanga, na Yanga huihitaji Simba. Yanga ikifungwa Jumapili, Jumatatu yote ni ya watu wa Simba: sokoni, chomboni, na katika baraza ya kahawa. Siku ile upande mmoja ungekufa, upande wa pili ungekosa wa kumcheka, na ushindi wake ungekuwa kama chakula kisicho chumvi.

Hatari iliyomo

Walakini kitu chema chaweza kuharibika. Katika mji wa Constantinople, zamani za mfalme Justinian, watu waligawanyika kwa ajili ya mashindano ya magari ya farasi. Wengine walikuwa watu wa Kijani, wengine watu wa Buluu. Mwanzo wake ulikuwa mchezo. Baadaye wakawa wakiuana usiku njiani, wala hawakuweza kueleza sababu ila rangi. Katika mwaka wa 532 ghasia zilizoanzia kwa vyama hivyo zikageuka kuwa uasi. Sehemu kubwa ya mji ikaungua, na kanisa kubwa likateketea. Procopius, mwandishi wa siku zile, aliandika ya kuwa waliokufa walizidi 30,000.

Wakristo wa Korintho nao walipoanza kusema, mmoja kwamba ni wa Paulo, na mwingine kwamba ni wa Apolo, mtume aliwakemea, ingawa walijigawa kwa majina ya watu wema. Hakuwakataza kumpenda mwalimu. Aliwakataza kugawanyika kwa ajili yake.

Tanzania haijafikia mambo ya Constantinople, na Mungu aepushe. Lakini dalili ndogo zipo. Yuko mume amnyimaye mkewe neno jema siku tatu kwa sababu ya bao. Yuko kijana awekaye fedha ya karo katika kamari ya mchezo, akarudi mikono mitupu. Wako wawili waliokuwa wakicheka pamoja, mmoja akalipita mpaka wa utani akamtukana mama wa mwenzake, wakatoana damu. Hao hawakuipenda timu kuliko wengine, ila wamesahau ya kuwa utani ni mchezo wenye sheria kama ulivyo mpira.

Iko dawa moja ya kuzuia hasira ya namna hiyo. Mtu na akumbuke jinsi alivyopata timu yake. Ni kwa baba, au kwa mjomba, au kwa mtaa, au kwa mchezo mmoja wa siku moja. Mtoto yule yule, mwenye akili ile ile na moyo ule ule, kama angelizaliwa nyumba ya pili katika njia hiyo hiyo, leo angelivaa rangi ya pili na kuimba kwa sauti ile ile. Basi yule amzomeaye ng'ambo ya uwanja si mtu wa namna nyingine. Ni yeye mwenyewe aliyelelewa nyumba ya jirani.

Na iko siku ambapo jambo hilo huonekana wazi. Timu ya taifa ichezapo, wachezaji wa Simba na wa Yanga huvaa fulana moja, na wapenzi wao huketi bega kwa bega. Bao likifungwa, mtu humkumbatia aliye karibu naye kabla hajakumbuka kuuliza ni wa upande gani. Kesho yake hurudia mabishano yao, na hakuna ubaya. Moyo wa mtu una nafasi ya timu na ya jirani pia, lakini jirani yapasa awekwe mbele.

MASWALI

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
2. Zitaje njia tano ambazo kwazo mtu hupata timu. Ni ipi yenye nguvu zaidi, na kwa nini?
3. Simba na Yanga zina tofauti gani na timu mbili za Glasgow?
4. Mtani ana ruhusa gani, na ana wajibu gani?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Furaha huwakusanya watu, lakini huzuni huwafunga pamoja."